Udongo wa Chumba cha Pamba

Ukimuuliza mama mwenye mimba kama anakula udongo, atakwambia hapana. Atakwambia hapana na vumbi jekundu bado liko kwenye pembe za mdomo. Ninyi mnaoanza kazi ya uuguzi sasa mnaandika hapana, mnamwita anayefuata, na jioni mnarudi nyumbani mkidhani mmefanya kazi. Usimuulize kama anakula. Muulize anauchukua wapi. Atacheka kidogo, atatazama miguu yake, halafu atakueleza mpaka uchoke wewe: ule wa kichuguu cha njia ya mtoni ni mtamu lakini una mchanga, ule wa ukingoni unanukia mvua, ule wa sokoni umeshikwashikwa na mikono ya watu. Swali hilo nilichelewa kulijua, na nataka ninyi mlijue mapema.

Jina langu ni Ndunge. Nilikuwa mkunga na muuguzi tangu miaka ya sitini ilipokuwa inakwisha hadi ya tisini ilipokuwa inakwisha, karibu yote katika dispensari moja upande wa Mbumbuni. Nimepokea watoto ambao leo wana vitambi na vyeo, na nikikutana nao kwenye mashine ya kusaga wananisalimu kwa heshima nyingi, labda kwa kuogopa nisije nikasimulia walivyolia. Hayo ni ya kucheka. Mengi ya yanayofuata si ya kucheka, na sitayatia sukari.

Kwanza, msiwadharau wanaokula udongo. Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza nilikula ukuta wa jiko langu mwenyewe. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na kofia nyeupe, na asubuhi kabla ya kwenda kuwafundisha wanawake juu ya lishe bora nilikwangua ukuta kwa kijiko. Mume wangu alivumilia mpaka mwanga ukaanza kupenya, ndipo akaniuliza, "Mama, kwani unataka tulale nje?" Hamu ile haina elimu. Inakuja na harufu, hasa mvua ya kwanza ikigusa ardhi kavu, na mate yanajaa mdomoni kabla hujafikiri lolote.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Tabitha, muuguzi mkuu wa dispensari ile, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Nilipokuwa mgeni kazini kulikuwa na mtoto mmoja niliyempima kila kliniki, na kila mara uzito ulipanda vizuri. Nikajisifu. Siku moja Mama Tabitha alinisogeza kando, akamvua yule mtoto sweta, akamvua na ya pili, akamvua na ya tatu, kisha akamrudisha kwenye mizani. "Umekuwa ukipima sufi," aliniambia mbele ya akina mama wote. Chini ya sufi mtoto alikuwa mbavu tupu.

Tangu siku hiyo nikawa nawavua watoto. Mama atakwambia kuna baridi, atakwambia mtoto ana kikohozi. Mvue. Lakini hata sisi tulikuwa na mpaka wetu. Mtoto wa kiume tulimwachia nepi, kwa sababu akina mama hawakupenda macho ya watu yamwone hapo, na sisi wenyewe tulikuwa wanawake wa kanisa wenye haya zetu. Hata Mama Tabitha, aliyemkaripia chifu kwa kuvuta sigara mlangoni, hakuivua ile nepi. Ninyi ivueni. Osha mikono, ipashe joto, papasa uhakikishe korodani zote mbili zimeshuka. Zisiposhuka, mtoto anapelekwa kwa daktari wa upasuaji angali mdogo. Hiyo ni kazi ya muda mfupi kuliko kutafuta kalamu, na kwa kutoifanya tuliwakosea watoto ambao sasa ni wanaume.

Wakati huo kwetu kulikuwa na pamba. Mnayoyaona leo kuwa mashamba ya pojo na michungwa yalikuwa meupe pamba ikipasuka, na kila boma lililojiweza lilikuwa na chumba cha pamba, kibanda cha udongo cha kuweka mavuno kabla ya kupelekwa kwa chama cha ushirika. Katika chumba hichohicho ndimo mlimokaa bomba la kunyunyizia la kubeba mgongoni, ndoo ya kuchanganyia, na mifuko ya unga wa kuua viwavi. DDT, mtu akitaka jina. Sisi hatukutaka jina. Kikamba ni ndawa, Kiswahili ni dawa, na ilitosha: kidonge cha malaria ni dawa, sindano ya surua ni dawa, na unga wa viwavi ni dawa pia. Wanaume ndio waliopiga bomba, lakini maji yalitoka mbali, na aliyeyaleta kwa mgongo na kuyakoroga na unga ule alikuwa mwanamke, awe na mimba au asiwe nayo. Watu walijipaka unga ule kichwani kuua chawa. Waliunyunyiza kwenye kunde zisiliwe na wadudu. Hakuna aliyeanguka akafa mbele yetu, kwa hiyo tuliona ni rafiki.

Sasa sikilizeni juu ya chupa yangu. Nilipata, msiniulize nilipatia wapi, mnyoo mmoja mrefu, mnene, nikauweka kwenye chupa ya spiriti. Kila siku ya kliniki niliuinua juu nikawaambia akina mama: "Huyu anakaa ndani ya udongo mnaokula. Mkila udongo, mnamla yeye na watoto wake." Walipiga kelele, walifunika macho, halafu waliomba chupa ipitishwe waione vizuri. Bibi mmoja aliuliza kama ni samaki. Somo lile lilipendwa kuliko yote tuliyotoa. Na sijutii, maana minyoo ni kweli, na upungufu wa damu ulituua wanawake wengi. Nawaambia tu kwamba unapomwambia mtu asipite njia hii, ukae hapo uone anapita ipi.

Mmoja wa waliosikia somo lile alikuwa Syombua. Alizaliwa upande wa Kitui, karibu na Tulia, akaolewa kwetu, na nilimjua kwanza kanisani kwa sababu tulikaa benchi moja. Alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi, mtu wa kufuata maagizo. Ukimwambia achemshe maji, anayachemsha mara mbili. Akina mama wengine walimcheka kwa hilo. Miaka ya sabini ikielekea ukingoni alipata mimba yake ya tatu, baada ya wasichana wawili, akaja kliniki kila alipoitwa. Mto ulipojaa hakuweza kuvuka kuja kujifungua kwetu, akajifungulia nyumbani. Alikuwa mtoto wa kiume. Akamwita Muthama.

Muthama tulimpima, tukamchanja, tukamwachia nepi yake. Alikua vizuri. Alipotahiriwa, aliyemtahiri aliona kwamba huko chini pako patupu, akamwambia baba yake, "Zitashuka tu, huyu ni mdogo." Baba akaridhika, na baadaye baba akafa, na neno lile likafa naye; mimi nililisikia miaka mingi baadaye.

Kabla sijafika kwa Muthama alipokuwa kijana, niseme jambo moja kuhusu wasichana, kwa sababu mtaambiwa haya ni mambo ya wavulana peke yao. Tulikuwa na msichana wa darasa la tatu aliyeletwa kwangu na mwalimu wake akiwa amefungwa leso kiunoni. Alikuwa akicheza uwanjani damu ikamtoka, akadhani amekatwa na kioo. Alikuwa analia na kuniuliza kama atashonwa. Nilimweka kitandani nikamweleza, na sikujua nimweleze vipi mtoto ambaye bado ana mapengo ya meno ya utoto. Mama yake alikuwa mchapakazi wa pamba kama wengine. Wasichana wa namna hiyo walikuja tena na tena, mapema kuliko tulivyowazoea, na sisi tulisema ni uji mzuri siku hizi. Labda wengine ulikuwa uji. Sikujua wakati ule na hata leo siwezi kumtenga yupi ni yupi.

Basi, Muthama. Alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na wenzake wote walikuwa wamenenepa shingo na sauti zimekuwa nzito. Yeye alibaki na sauti ya mtoto. Kwaya ya shule ilimpanga safu ya wasichana. Bafuni walimfungia mlango, wakamfanyia mambo ya kumwaibisha, wakampa jina ambalo sitaliandika. Siku moja katikati ya muhula alirudi nyumbani na sanduku lake kichwani, akaliweka chini, akamwambia mama yake kwamba harudi tena hata wamuue.

Habari ikafika kwa Nzioka, ndugu wa marehemu mume wa Syombua, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Nzioka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka kila jambo liwe na mwenyewe wa kulaumiwa. Akakumbuka kwamba zamani, Syombua akiwa bibi harusi mpya na hajaokoka bado, ndama dume wa mzee wa boma aliuzwa kwa siri, na watu wote wa nyumba ile waliapishwa kithitu. Kithitu ni kiapo chetu kikubwa. Ukikiapia uongo hakikuli wewe, kinakula watoto wako, polepole. Syombua alikuwa ameapa kwamba hamjui aliyeuza. Sasa Nzioka akasema: mbona mtoto huyu hageuki mwanaume? Nani kati yetu aliapa uongo?

Wazee wa ukoo wakampa Syombua njia mbili. Akiri kwamba aliapa uongo, achinje mbuzi, anyunyiziwe ng'ondu, yale maji ya majani na ya tumbo la mbuzi yanayomwosha mtu aliyechafuliwa na kiapo. Au akatae, arudi kwao Tulia, na Muthama abaki bomani kwa sababu ni mtoto wa ukoo. Kanisa nalo likasema lake: Syombua ni kiongozi wa akina mama, akigusa mbuzi yule atatengwa. Alikuja kwangu dispensari, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaniambia, "Sista, mimi siko na shida na kiapo. Mimi sikuapa uongo. Lakini hii mtoto yangu iko na nini?"

Nilimwita Muthama ndani, nikampapasa kwa ruhusa yake, na mikono yangu ikanieleza kile ambacho ingenieleza akiwa na wiki moja. Aliangalia ukutani muda wote. Nilipomaliza aliniuliza, "Sista, mimi nitakuwa mtu?" Nilimwambia tutaenda kwa daktari.

Tulienda hospitali kubwa, mimi, Syombua na Muthama. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, mwenye maneno machache, na hakumcheka mtu. Walimpiga picha, wakamtoa damu, wakampasua. Walikuta korodani zimebaki juu tumboni tangu azaliwe, moja imenyauka kabisa, nyingine dhaifu. Angeanzishiwa sindano za homoni. Sauti itashuka, mabega yatapanuka, ndevu zitaota. Kisha daktari akamtoa Muthama nje, akatuambia sisi wawili kwamba kupata mtoto kutakuwa vigumu sana, na yeye hategemei. Tulimsihi amwache kwanza apone kidonda.

Nilipobaki naye peke yake daktari aliniuliza, "Mama huyu akiwa mjamzito alikuwa analima nini?" Nikasema pamba. Akaitika kwa kichwa. Alinieleza jambo ambalo alisema ndilo kwanza wataalamu wanaanza kulielewa, na nitalieleza kwa maneno yangu. Mtoto wa kiume akiwa tumboni anaumbwa kwa maagizo, na maagizo hayo yanabebwa na homoni. Ile dawa ya pamba ikivunjika ndani ya mwili, masalio yake yanakaa mahali pa homoni ya kiume, kama mtu anavyokalia kiti cha mwenzake. Mwenye kiti akija anakuta kimekaliwa na anarudi. Mtoto anazaliwa kazi haijamalizika, na hasara inaweza kungoja mpaka umri wa kubalehe ndipo ionekane. Masalio hayo hukaa katika mafuta ya mama miaka mingi na hupita hata kwenye maziwa. Kwa wasichana, alisema, wanashuku inaweza kuharakisha mambo badala ya kuyachelewesha. "Lakini mtoto mmoja mmoja, siwezi kuapa kwamba ni hiyo," akasema. "Wengine huzaliwa hivi bila pamba yoyote." Kumbukeni maneno hayo ya mwisho. Mtu akiwaambia ana hakika juu ya mtoto mmoja, msimwamini, hata kama ni mimi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikunikalia vizuri. Wanawake wengi walikoroga ile dawa. Kwa nini Muthama aumie hivi? Tuliporudi nilikwenda kwa Syombua, tukakaa tukichambua mbaazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nikauliza vizuri. Sikumuuliza kama alikula udongo. Nilisema, "Mama Muthama, ukiwa na mimba ya huyu, udongo ulikuwa unatoa wapi?"

Akatabasamu. Baada ya wiki zile zote za machozi, akatabasamu kwa sababu alikuwa na jambo la kujivunia. "Mimi sikukula ile ya kichuguu," alisema. "Si nyinyi mlituonyesha ile nyoka ya chupa? Mimi nilikuwa nakula ile ya nyumba ya pamba. Ule ukuta ya kuegemea mifuko. Hiyo ilikuwa safi sana, Sista. Iko na dawa. Hata siafu haikuwa inapanda. Sasa minyoo ingetoka wapi?"

"Ulikula mara ngapi?"

"Ai, kila siku. Mpaka nikazaa. Ilikuwa inanukia vizuri."

Niliendelea kuchambua mbaazi kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Ningeweza kunyamaza. Lakini siku ya wazee ilikuwa imekaribia, na nilifikiri nina kitu cha kumwokoa: nitasimama mbele ya Nzioka niseme si kiapo, ni kemikali, mwanamke huyu hana kosa. Kwa hiyo nikamweleza yote, polepole, kama nilivyoelezwa. Sijawahi kumwona mtu akielewa haraka namna ile. Aliweka ungo chini. Alitazama upande ambapo kile chumba kilikuwa, ambacho sasa walifugia kuku.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Si wewe. Hukujua. Hakuna aliyejua."

"Na hii inatolewa na nini?"

Nikamwambia haitolewi. Sindano zitamkuza, lakini kilichoharibika tumboni hakirudi.

Nilipofikiri atalia, akaanza kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayepanga kazi za kesho. "Sista, usiende kwa wazee. Kiapo iko na mbuzi yake. Unachinja, unanyunyiziwa, imeisha, na mtoto anajua imeisha. Hii yako haina mbuzi. Akijua iko ndani ya damu yake kutoka tumboni, atakaa aje? Ataingia kwa kila nyumba akijua yeye ni kitu iliharibika. Wacha niseme niliapa uongo."

"Lakini hukuapa uongo. Na atakuchukia."

"Atanikasirikia tu. Hasira ya mtoto inaisha siku moja."

Nilibishana naye mpaka jua likaondoka uani. Nilimwambia juu ya kanisa, nikamwambia juu ya ukweli, nikamnukulia Maandiko ambayo aliyajua kuliko mimi. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akanifanya niahidi kwamba akiwa hai sitafungua mdomo. Niliahidi. Nilimkasirikia sana, na sikuwa na kitu bora cha kumpa.

Syombua akakiri mbele ya wazee kosa la ndama ambaye hakujua aliuzwa na nani. Mbuzi akachinjwa. Kanisa likamtenga Jumapili iliyofuata, jina lake likasomwa, na benchi letu likawa na nafasi. Muthama alianza sindano zake mwezi uleule; mimi ndiye niliyemdunga. Sauti ikaanza kukwaruza, mabega yakaja, na boma zima likasema, mmeona mbuzi? Nzioka alinikuta sokoni akaniambia nisione vibaya, hospitali ni nzuri kwa malaria. Nilinunua nyanya zangu nikaenda nyumbani.

Mchungaji alimtumia Syombua ujumbe zaidi ya mara moja kwamba mlango uko wazi. Alitakiwa tu asimame aseme kwamba yule mbuzi alikuwa bure. Hakwenda. Aliniambia, "Nikisema ni bure, kijana atasikia." Alibaki nje ya kanisa, akiimba peke yake jikoni. Muthama alirudi shule, akamaliza, akapata kazi ya udereva. Alikuja nyumbani mara chache, na akija alimletea sukari na unga akaviweka mlangoni. Alimwita mama mbele za watu. Wakiwa wawili hakumwita kitu. Syombua alinieleza hayo bila kulalamika, halafu akauliza kama nimeona kijana alivyonenepa.

Aliugua kifua akafa kabla miaka ya tisini haijaisha. Siku ya mazishi nilikuwa na mama aliyekuwa akijifungua vibaya, sikuweza kumwacha. Walioenda waliniambia mazishi yalikuwa mafupi, hapakuwa na wimbo hata mmoja. Nilifikiri ni amri ya kanisa, nikawa na uchungu na wachungaji.

Nilikuwa nimestaafu tayari Muthama alipokuja nyumbani kwangu na mke wake. Alikuwa mwanaume mrefu, mwenye ndevu, na sauti nzito iliyojaza chumba. Mke wake alikaa ukingoni mwa kiti na mikono mapajani. Tulikunywa chai, tukasema juu ya mvua, kisha akaweka kikombe chini.

"Sista, tumeoana na mtoto hatupati. Wazee wanasema ile mbuzi ilikuwa ya kiapo moja. Wanasema lazima mama alikuwa na ingine alificha, akaenda nayo. Wanataka tuchinje pale kwa kaburi. Wewe mlikuwa marafiki. Nimekuja kuuliza tu. Kuna kitu ingine aliapa?"

Ahadi yangu ilikuwa ya uhai wake, na uhai wake ulikuwa umekwisha. Nilimwambia mke abaki, kwa sababu jambo lilikuwa la wote wawili. Nikawaeleza: pamba, chupa ya mnyoo, ukuta ambao siafu hawakupanda, homoni, maneno ya daktari juu ya kupata mtoto ambayo Muthama hakuwahi kuambiwa, na kwamba hakuna awezaye kuapa ni hiyo lakini mimi naamini ni hiyo. Nikamwambia kwamba mama yake hakuapa uongo hata siku moja. Aliuchukua uongo ule ili mwanawe apate kitu kinachoweza kuisha.

Mke alikuwa ameshika mkono wa Muthama, na sijui alianza kuushika nikiwa nimefika wapi.

"Alijua?" akauliza Muthama. "Ile siku ya mbuzi, alikuwa anajua?"

"Alijua."

Niliposikia sauti yake tena sikuifahamu, ilikuwa imepanda juu, nyembamba.

"Sista, wale akina mama wa kanisa walikuja kwa mazishi," akasema. "Mchungaji hakuja, lakini wao walikuja wenyewe, wakasimama pale kwa mlango na vitabu vyao. Walitaka kumwimbia. Mimi ndiye niliwafukuza."